Geti Likigongwa Usiku: Jinsi Mwili Unavyojifunza Hofu na Unavyopona

Weka vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole gumba. Utahisi mapigo. Yahesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Sasa vuta pumzi taratibu, halafu itoe taratibu zaidi, bila kuondoa vidole. Kama u kijana utagundua upesi kuliko mzee: ukivuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo, ukiitoa unapunguza. Hukuuamuru ufanye hivyo. Sehemu ya mfumo wa neva inayoendesha moyo, tumbo na mapafu haingoji ruhusa ya akili. Lakini umeona pia kwamba ina mlango mmoja ambao akili inaweza kupitia, nao ni pumzi. Mambo hayo mawili tutayahitaji mpaka mwisho wa somo hili.

Tumchukue binti wa miaka 15. Ni wa kubuni, kwa hiyo hatutampa jina, ila mji wake ni wa kweli: Mwanza. Alikulia Mabatini, kwenye vile vijumba vilivyojibanza kati ya majabali, katika nyumba ambayo baba alimpiga mama, na mama alipokwenda kuuza dagaa zamu ikawa ya watoto. Mwaka huu amehamia kwa mama mdogo, Buhongwa. Hakuna anayempiga. Hata hivyo, geti la bati likigongwa saa tatu usiku, anaruka, jasho linamtoka, chakula kinamshinda. Mama mdogo ni mtu mwema na anamwambia lile ambalo wengi wetu tungemwambia: “Mwanangu, hayo yamepita, jikaze.” Binti anajua kwamba yamepita. Mwili wake ndio hauna habari.

Kwa nini?

Tuanze na yanayotokea ndani ya sekunde chache baada ya geti kulia. Sauti inaingia sikioni, na kabla haijachambuliwa vizuri kwenye sehemu za juu za ubongo, taarifa ghafi inakuwa imeshafika kwenye fundo dogo la seli za neva linaloitwa amigdala. Hapo panaulizwa swali moja tu: je, hili limewahi kuniumiza? Jibu likiwa ndiyo, amri inashuka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia. Mboni za macho zinatanuka. Ini linaachia sukari iingie kwenye damu, damu inaelekezwa kwenye misuli ya mikono na miguu, tumbo linaacha kusaga chakula. Ndiyo maana ugali unamkwama, si deko. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza mpango huu katika kitabu chake cha mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia.

Cannon hakusema mengi kuhusu mtoto. Mtoto hawezi kupigana na mtu mzima, na mara nyingi hana pa kukimbilia. Kwa hiyo mwili wake huchagua njia ya tatu, ambayo swala anaijua na panya anaijua: kuganda. Misuli inakakamaa, sauti inapotea, mtoto anasimama pale pale huku fimbo ikishuka. Baadaye mtu wa polisi, mwalimu au hata shangazi atamuuliza, “Mbona hukukimbia?” Swali hilo linaumiza, na kisayansi halina maana, kwa sababu aliyeganda hakuamua kuganda.

Nyuma ya adrenalini inakuja homoni ya pili, kotisoli, ambayo haina haraka. Hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya kitisho. Magazetini kotisoli husemwa kuwa ni sumu, na hilo si kweli. Kila alfajiri hupanda ili ikuamshe, na usiku wa manane hushuka ili ulale. Bila hiyo usingeweza kutoka kitandani. Shida huanza inapoitwa kila jioni, mwaka baada ya mwaka, na ratiba yake ikavurugika. Wengine hubaki nayo juu muda wote. Wengine, hasa waliopata mateso ya muda mrefu, mwili huchoka kuitikia na kotisoli haipandi hata inapotakiwa. Mtoto wa namna hiyo huonekana mzembe, mzito, asiyejali. Mwalimu humwita mkaidi.

Mpaka hapa tumeeleza hofu. Bado hatujaeleza kwa nini inabaki.

Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mate ya mbwa, alionyesha kwamba mnyama akisikia mlio fulani kila kabla ya chakula, mwishowe mlio peke yake unatosha kumtoa mate. Kwa hofu, kanuni ni hiyo hiyo ila kali zaidi: chakula huhitaji kurudiwa mara nyingi, maumivu makali yanaweza kufunza kwa mara moja. Na kinachofungwa pamoja na maumivu si uso wa mpigaji peke yake. Kinafungwa chochote kilichokuwapo: mlio wa bati, harufu ya pombe, kishindo cha viatu, saa yenyewe ya usiku, hata wimbo uliokuwa ukipigwa redioni kwa jirani. Kisha hofu inatambaa hadi kwenye vitu vinavyofanana na hivyo. Geti la Buhongwa halijawahi kumdhuru binti huyu. Linafanana tu na la Mabatini.

Msomaji atasema ubongo huu umeharibika. Mimi nasema ulijifunza vizuri, tena kwa darasa gumu. Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso zilizokuwa zikitokeza kidogo kidogo kutoka kwenye ukungu. Watoto waliowahi kupigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, uso ukiwa bado haujaonekana vizuri. Huo ni ujuzi. Katika nyumba ya Mabatini, kuijua hasira ya baba kabla hajavuka kizingiti kulimwokoa binti yetu mara nyingi. Tatizo ni kwamba ujuzi huo unatumia nguvu nyingi za ubongo, na nguvu hizo zinachukuliwa kwenye hesabu za Kidato cha Pili na kwenye usingizi.

Wala yeye si wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono, na kwa wavulana ni takriban 1 kati ya 7. Tobias Hecker na wenzake walipowahoji watoto 409 wa shule ya msingi nchini, katika utafiti uliochapishwa 2014, asilimia 95 walisema wamewahi kuadhibiwa kwa kipigo na mzazi au mlezi. Kadiri kipigo kilivyokuwa kingi ndivyo ukorofi na ugomvi wa mtoto ulivyokuwa mwingi. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na wengi huitaja methali hiyo fimbo ikiwa tayari mkononi.

Sasa tuingize siasa, kwa sababu iliingia yenyewe.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, maandamano na ghasia vilizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko. Mabomu ya machozi yalipigwa, risasi zilisikika, watu waliuawa, na idadi yao imekuwa na mabishano makubwa. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Novemba Rais Samia Suluhu Hassan akaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Wachambuzi wa siasa wana kazi yao. Swali la somo hili ni dogo zaidi: siku zile, ndani ya mwili wa kijana ambaye tayari alikuwa anaruka geti likigongwa, palitokea nini?

Kwanza, amigdala haina faili la “mambo ya nyumbani” na faili jingine la “mambo ya serikali”. Kishindo ni kishindo. Hofu iliyofundishwa na baba inaamshwa na bunduki, na hofu ya bunduki ikimkuta aliyekwisha kufundishwa, inapata nafasi iliyotayarishwa. Ndiyo maana katika nyumba moja, ndugu wawili waliosikia mlio ule ule wanaweza kuachana sana wiki mbili baadaye: mmoja amerudi kwenye mpira, mwingine hataki kutoka chumbani.

Pili, watu wanapojifungia ndani, nyumba hubadilika. Ikiwa nyumba ni salama, milango iliyofungwa ni kinga. Ikiwa mpigaji anaishi humo, milango ile ile humfungia mtoto pamoja naye. Shughuli zinasimama, fedha ya siku haipatikani, mtu mzima mwenye hasira hana pa kwenda, na jirani ambaye siku zote hupiga kelele “Muache mtoto wa watu!” naye anaogopa kutoka. Hata watu wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa linalopakana na Mwanza, waliwahi kupitia siku za namna hiyo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na tume hiyo hiyo iliandika pia juu ya ukatili wa kingono.

Tatu, na hili husahaulika, mwili wa mtoto husoma usalama kutoka kwenye miili ya wakubwa. Bibi akikaa kimya akichambua mboga huku mikono yake haitetemeki, mtoto anapata taarifa. Wakubwa wote wakitetemeka, taarifa inakuwa nyingine.

Je, mwili uliozoea hofu unaweza kubadilika? Jibu moja zuri lipo karibu na sisi, upande wa kaskazini wa mbuga zile ambazo Serengeti ni sehemu yake. Robert Sapolsky alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Masai Mara, akiwalaza kwa mshale wa dawa na kupima homoni katika damu yao. Kundi moja lilikuwa na madume wakali sana. Kila asubuhi hao wakali walikwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, katika eneo la kundi jingine. Katikati ya miaka ya 1980 jalala lile lilikuwa na nyama yenye kifua kikuu. Wakali walikufa karibu wote. Waliobaki ni madume wapole, ambao hawakuwa na ubavu wa kwenda jalalani, pamoja na majike na watoto.

Kundi likageuka. Vita vya kuonea wadogo vilipungua, nyani wakawa wanakaa karibu na kuchambuana manyoya zaidi. Kilichonivutia zaidi ni damu yao: madume wa daraja la chini, ambao katika makundi mengine hubeba alama za msongo siku zote, katika kundi hili hawakuwa nazo. Sapolsky na Lisa Share walipochapisha habari hii mwaka 2004, madume wa awali walikuwa wamekwisha kutoweka; waliokuwapo ni wageni waliohamia kutoka makundi ya kawaida, nao wakawa wamefuata tabia ya wenyeji. Binadamu si nyani, na kundi moja si ushahidi wa kila kitu. Lakini hakuna aliyewapa nyani wale ushauri nasaha. Waonevu waliondoka, na homoni zikafuata.

Nalisisitiza hilo kwa sababu watu hutaka kuanza na tiba huku kipigo kikiendelea. Haiwezekani. Ubongo unaopigwa kila Ijumaa una haki ya kuogopa kila Alhamisi, na mtaalamu yeyote anayejaribu kuuondolea hofu hiyo anaunyang'anya kinga yake.

Kipigo kikikoma, basi, ndipo kazi nyingine inapoanza. Pavlov aliona kwamba mlio ukirudiwa mara nyingi bila chakula kufuata, mate huacha kutoka. Angeweza kudhani mbwa amesahau. Lakini alipompumzisha na kumrudishia mlio baada ya muda, mate yalitoka tena. Funzo la zamani halikuwa limefutika. Juu yake lilikuwa limewekwa funzo jipya. Fikiria njia ya mguu iendayo ziwani. Watu wakikata njia nyingine na kuacha kuipita ile ya kwanza, majani yataota juu yake, lakini aliyezaliwa hapo bado anajua ilipokuwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayojifunza njia mpya na kuituliza amigdala. Kwa kijana wa miaka 15 sehemu hiyo bado inajengwa, na itaendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Yapo mawili yanayofuata kutoka hapo. Usalama uliojifunzwa mahali pamoja haujui kusafiri: binti akizoea geti la Buhongwa, bado la shule litamshtua, na shule ambayo kiboko kinaruhusiwa kisheria inampa sababu ya kutolizoea. Na siku mabomu yanapolia mjini, hofu ya zamani itaibuka hata kama alikuwa amekaa miezi bila kuruka. Huko si kurudi mwanzo. Ndivyo kumbukumbu ilivyoumbwa, na mara ya pili hofu hupungua haraka kuliko ya kwanza, ilimradi mtu asimcheke.

Tiba za kiwewe zilizo na ushahidi zinafuata kanuni hii hatua kwa hatua. Kijana anaelezwa kwanza mwili wake unafanya nini, jambo ambalo peke yake hupunguza aibu. Anafundishwa kutumia mlango wa pumzi tuliouona mwanzoni. Kisha, kidogo kidogo, mbele ya mtu anayemwamini, anasimulia kilichompata, na kila mara anaposimulia bila kuumizwa, ubongo unapata funzo jipya. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini, watafiti waliijaribu tiba ya namna hiyo kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na vikao vya kikundi vilikuwa 12. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka pengo lilibaki wazi upande wa Kenya kuliko upande wa Tanzania. Ni tiba, si muujiza.

Kuna habari nyingine njema kuhusu umri wenyewe. Megan Gunnar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwafuatilia watoto walioanza maisha katika vituo vya yatima, kisha wakalelewa na familia tulivu nchini Marekani. Miaka kadhaa baadaye kotisoli yao ilikuwa bado haiitikii vizuri. Lakini kadiri walivyobalehe, ikaanza kuitikia kama ya wenzao. Utafiti ulichapishwa 2019, na maana yake ni kwamba balehe huupa mwili nafasi ya kupima upya mazingira yake. Sharti ni kwamba mazingira ya sasa yawe mema. Kundi hilo hilo la watafiti liligundua pia kwamba mzazi akikaa karibu, kotisoli ya mtoto wa miaka 9 au 10 hushuka, ila kwa kijana wa 15 au 16 kukaa karibu tu hakutoshi. Kijana hatulizwi kwa kupakatwa. Hutulizwa kwa kuaminiwa, kuambiwa ukweli na kupewa sauti katika mambo yanayomhusu.

Kwa hiyo mama mdogo wa Buhongwa afanye nini? Mila imempa chombo kizuri ambacho hatukifikirii: hodi. Kabla hajagusa geti, aseme, “Hodi, ni mimi mama mdogo.” Mlio wa bati ukitanguliwa kila siku na sauti inayojulikana, amigdala inapata taarifa ya pili ya kujifunza. Chakula na kulala viwe na saa zake. Siku mji ukichafuka, amwambie kijana mapema anachokijua na asichokijua, na video za maiti zisizungushwe sebuleni. Neno “jikaze” aliweke kando.

Na Mwanza haianzi leo. Miaka ya 1990 kituo cha Kuleana kiliwapokea watoto wa mitaani wa mji huu, wengi wao wakiwa wamekimbia kipigo nyumbani. Shirika la Kivulini limepambana na ukatili wa majumbani tangu 1999. Kisha utafiti wa MAISHA uliwaandikisha wanawake 1,049 wa vikundi vya mikopo mjini Mwanza. 61 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na wenzi wao. Waliopewa vikao kumi vya mafunzo walipigwa kidogo kuliko wasiopewa, ingawa ukatili wa kingono haukuonyesha kupungua kwa uhakika huo. Kila mama asiyepigwa ni mtoto aliyepunguziwa somo la hofu.

Kama unamjua kijana anayepigwa sasa hivi, usingoje mji utulie. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na katika hospitali ya Bugando wapo madaktari wa afya ya akili. Kijana akizungumzia kujiua, au akiwa halali na hasomi kwa zaidi ya mwezi baada ya hatari kwisha, mpeleke hospitali wiki hii hii.